Anayesema ukalimani wa mahakamani ni maneno tu, aje akae kiti changu

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii ni ndefu, mkiona vipi ikateni, ila naomba msiguse pale kwenye mashine ya pasi maana bila hapo hata mi mwenyewe sielewi nimeandika nini.

Wiki chache zilizopita msomaji mwenzetu aliandika humu kuwashauri vijana wanaokuja Marekani, kwamba wakifika wasihangaike na maghala wala kuhudumia wazee, wajifunze Kihispania chap chap waende mahakamani kufanya ukalimani, hela ipo, kiyoyozi kipo, umevaa suti yako, na kazi yenyewe ati "ni maneno tu, huyu kasema hivi we unasema vile". Nikacheka. Nikairudia jioni sikucheka tena, kwa sababu kuna kijana mahali ameisoma na ameamini, na mimi nilikuwa kijana huyo huyo.

Mi ni Mtanzania, nipo Arizona huku mpakani na Meksiko, mwaka wa 16 huu. Kihispania changu sikukipata darasani, nilikiokota kwenye dobi la hoteli, miaka 7 nakunja mashuka na kina mama wa Sonora, vijana wa Guatemala na mzee mmoja wa Honduras ambaye hakuwahi kuniita jina langu, alikuwa ananiita Kenia, nikamwambia mzee mi sio Mkenya mi Mtanzania, akasema sawa Kenia. Mwaka wa tatu nikawa ndo mtu wa kati. Meneja akitaka kuongea na mtu naitwa mimi, mtu akitaka ruhusa naitwa mimi, nikawa naenda nao hospitali, benki, shuleni kwa watoto wao. Na nilikuwa nasaidia kweli jamani. Mzee akimtukana meneja matusi ya nguoni mi nasema "anasema hajafurahi". Meneja akiropoka mi nasema "anakuomba ujitahidi kidogo". Watu wanapatana, mi naonekana mtu wa busara. Nilidhani hicho ndo kipaji changu. Kumbe ndo ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2015 kampuni moja inayotuma wakalimani ikanipigia simu, sijui namba walipewa na nani. Intavyuu haikufika dakika tano. Unaongea Kihispania? Ndiyo. Vizuri? Ndiyo. Kesho saa tatu asubuhi una nafasi? Ninayo. Basi, nikawa mkalimani. Nikapelekwa ofisi ya mawakili, sio mahakamani, ni yale mahojiano ya kiapo yanayofanyika kabla kesi haijasikilizwa, mawakili wa pande zote wamekaa, kuna mwandishi anagonga kila neno kwenye kimashine chake, na kinachosemwa pale kinaweza kuja kusomwa mbele ya jaji. Alikuwepo mama mmoja mfanyakazi wa dobi, kama mimi, anaidai kampuni iliyotengeneza mashine ya pasi ya mvuke. Ni zile kubwa, mfuniko wa chuma unaushusha na kuupandisha kwa mkono wa kushika. Mfuniko ulimshukia, vidole viwili havikunji tena. Na kesi nzima imekaa juu ya kitu kimoja: ule mkono wa mashine ulifyatuka wenyewe, au mama aliuachia?

Wakili wa kampuni akauliza kwa upole kabisa, ikatokea nini kwenye mkono wa mashine. Mama akajibu: "Se me soltó."

Kiswahili kinalo pacha wa neno hilo. Ni "ukaniponyoka". Ukisema kikombe kimeniponyoka hujasema umekitupa, wala hujasema mkono wa kikombe ulikatika, umesema tu kilikuwa kwako sasa hakipo na wewe hukupenda. Kosa la nani? Neno limenyamaza. Kihispania kimejaa haya mambo, se me cayó, se me rompió, se me olvidó, vitu vinakudondoka, vinakuvunjikia, vinakutoka kichwani, wewe umesimama pembeni kama mfiwa. Kiingereza kinaweza kuyasema haya ukikitafutia njia, ila ukikimbilia sentensi ya kwanza inayokuja mdomoni itaanza na "mimi". Na mimi nilikimbilia. Nilitaka sentensi inyooke, nisikike mtu aliyekwenda shule mbele ya wale mawakili. Nikasema "I let go of it". Yaani niliuachia.

Nikaiona kalamu ya yule wakili imesimama hewani, halafu ikaanza kuandika. Akarudia kwa Kiingereza, kwa hiyo wewe uliuachia mkono wa mashine, ni sahihi? Nikamgeukia mama, na hapa ndo nilipomaliza kazi, nikamuuliza kwa Kihispania "¿entonces se le soltó?", yaani kwa hiyo ulikuponyoka? Mama wa watu akasema sí. Angesema nini? Si ndo neno lake mwenyewe nimemrudishia. Kwenye kimashine ikaingia kwamba shahidi amekiri kwa kinywa chake kuwa aliuachia. Wakili wake hajui Kihispania hata cha kuombea maji, mwandishi naye haandiki Kihispania, kwahiyo ule ukweli wa yule mama ukabaki hewani mle chumbani mpaka kiyoyozi kikaumeza.

Niligundua nikiwa kwenye gari, nimesimama kwenye taa. Sio kwamba nilikuwa nafikiria kesi, nilikuwa natafuta sarafu ikaniponyoka chini ya kiti. Nikapiga simu kwa walionituma. Wakasema kazi imeisha bwana, tuma masaa yako ulipwe. Nikatuma, nikalipwa. Yule mama sikumuona tena.

Ndo maana nikaenda kusoma. Jioni, chuo cha kawaida cha jamii, baada ya kazi, miaka miwili na vipande. Darasa tulikuwa wa kila aina, binti aliyezaliwa hapa hapa kwa wazazi wa Kimeksiko, mwalimu mstaafu wa Peru, kijana wa Kizungu aliyekaa Chile, na mimi mtu mweusi kutoka Tanga ambaye kila mgeni akiingia alikuwa anadhani nimepotea nafasi. Mwalimu wetu mama mmoja aliyekaa mahakamani zaidi ya miaka 20. Siku ya kwanza akatuambia tuinue mkono nani hapa amewahi kuwasaidia watu wake kwa kuwatafsiria. Wote tukainua, tena kwa fahari. Akasema haya, hiyo tabia ndo nitakayowatoa, msamiati mtautafuta wenyewe nyumbani.

Nikamsimulia ile kesi ya pasi. Nilitegemea anihurumie. Akaniuliza kwa nini hukusema? Nikasema nani aniulize, mi si mkalimani tu? Akasimama kama yupo mbele ya jaji akasema "mkalimani anaomba kumuuliza shahidi, neno alilotumia lina maana zaidi ya moja". Hivo tu. Na kama umeshatoa tafsiri ukagundua umekosea unasema "mkalimani anarekebisha", inaandikwa, maisha yanaendelea. Sio kwamba unaruhusiwa, unatakiwa. Ila angalia anavojitaja, "mkalimani", kama anamsema mtu mwingine, kwa sababu ile "mimi" ameshaiazima kwa shahidi. Shahidi akisema "nilimpiga", na wewe unasema "nilimpiga", husemi "anasema alimpiga". Hili lilinisumbua kuliko vitenzi vyote vya Kihispania. Siku ya mazoezi nilipewa nafasi ya kumkalimania mtu anayesimulia alivombaka jirani yake, maneno ya kutunga tu ya darasani, na nikatakiwa niseme "mimi" mwanzo hadi mwisho. Nilifika sentensi ya tatu nikasema "yeye". Mwalimu akagonga meza. Nikaanza upya. Nikasema tena "yeye".

Halafu ukimaliza hilo unakuja kwenye matusi. Tusi linaenda kama lilivyo, kwa uzito ule ule, huruhusiwi kulivalisha kanzu. Mtu akigugumia unagugumia, akiuma maneno unauma, akiongea kijinga hutakiwi kumsomesha, akiongea kisomi hutakiwi kumshusha akae na sisi. Heshima pia inahesabika, kuna utafiti ulishafanyika kuhusu mahakama za Marekani karne iliyopita, watu wakasikilizishwa ushahidi ule ule mmoja, kwenye rekodi moja mkalimani kaziweka zile "señor" za shahidi kwenye Kiingereza na kwenye nyingine kaziacha, na wale waliosikia zimewekwa wakamuona shahidi ni mkweli zaidi na ana akili zaidi. Neno moja la shikamoo tu hilo. Sasa mi ambaye miaka 7 nilikuwa nageuza matusi kuwa "hajafurahi", fikiria nilikuwa nimeharibu mizani ya watu wangapi.

Mwaka 2017 mwalimu akatutuma tukakae mahakama ya shirikisho pale Tucson tuangalie tu. Ilikuwa enzi za ule utaratibu wa kuwashtaki kwa mkupuo watu waliovuka mpaka, uliitwa Streamline, ulianzia Texas 2005 na Tucson ukaingia 2008, mchana mmoja wanaweza kupita watu hadi 70. Nilikaa benchi la nyuma. Wanaume wengi wa umri wangu, wameletwa na minyororo, mikononi, kiunoni, miguuni, kila mmoja na hedifoni masikioni, na pale mbele pembeni mkalimani na kimaiki kidogo anaongea kwa sauti ya chini bila kupumzika, jaji anaongea na yeye anaongea juu ya jaji, nusu sentensi nyuma. Wanaitwa makundi kwa makundi. Jaji anauliza yale yale, wanajibu yale yale, culpable, guilty, culpable, guilty, unasikia kama watu wanahesabu magunia. Kuna mmoja, mfupi, ana shati la michezo lililopauka, jaji akamuuliza unakiri kosa au hukiri. Akasema "pues ya qué". Kiswahili chake ni "basi tena, nitafanyaje".

Mi pale kwenye benchi mdomo wangu ulishasema guilty. Nakwambia ukweli, ulishasema. Kila mtu mle ndani alijua anamaanisha anakiri, wakili wake alijua, yeye mwenyewe alijua, kuna wengine kibao wanasubiri na saa inakwenda. Mkalimani hakusema guilty. Akasema kwa Kiingereza kile kile, kwa uchovu ule ule, kama basi tena nitafanyaje. Jaji akainua uso kutoka kwenye makaratasi, kwa mara ya kwanza mchana ule. Akamuuliza yule bwana, unaelewa kwamba hulazimiki kukiri? Wakaongea kama dakika mbili hivi. Mwisho alikiri, sio kwamba aliokoka, ila zile dakika mbili zilikuwa zake na mimi ningemnyima, tena ningemnyima kwa roho nzuri kabisa.

Na hizi sheria wasidhani zimetoka hewani. Kulikuwa na kijana wa Puerto Rico anaitwa Negron, shule darasa la sita, Kiingereza hana, alishtakiwa New York kwa mauaji miaka ya 1960. Wakili wake hajui Kihispania. Mashahidi 14 wa upande wa mashtaka, 12 kati yao waliongea Kiingereza, na yeye amekaa pale kama mtu aliyewekwa kwenye redio ya nchi nyingine. Mkalimani alikuwepo, aliletwa na upande wa mashtaka, kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafsiria wao wakati wanaoongea Kihispania wanatoa ushahidi, na Negron akasimuliwa kwa ufupi tu wakati wa mapumziko, dakika 10 au 20 hivi, kwamba bwana wamesema hiki na hiki. Akapigwa kifungo cha miaka 20 hadi maisha. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema hapana, huyu mtu hakuhudhuria kesi yake, alisikia makelele tu. Soma tena hapo kwenye "kwa ufupi". Yule mkalimani hakusema uongo, alisaidia tu. Miaka 8 baadae, 1978, Rais Carter akasaini sheria ya wakalimani wa mahakama za shirikisho, na ndo sheria iliyoleta huu mtihani wa cheti cha ukalimani unaonitoa jasho.

Kuna jingine ambalo huyu msomaji mwenzetu hajalijua. Kwenye kesi ya juri, wale raia 12, ukiwa unajua Kihispania na umechaguliwa kukaa humo, hutakiwi kutumia masikio yako. Unatakiwa ufuate Kiingereza cha mkalimani, kile ndo ushahidi. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua kesi moja kutoka New York ambapo mwendesha mashtaka aliwaondoa watu wenye asili ya Kilatino kwenye juri, akasema ana wasiwasi kama watakubali tafsiri ya mkalimani waache walichosikia wenyewe, na mahakama ikamkubalia. Uamuzi wenyewe mi binafsi unanikera, maana unamfukuza mtu kwa kosa la kujua, ila uelewe uzito uliopo pale. Alichosema shahidi kwa lugha yake kisheria ni kama hakikusemwa. Kilichosemwa ni kile cha kwangu. Sasa uje uniambie ni maneno tu.

Mtihani wenyewe. Wa shirikisho upo wa Kihispania peke yake, zamani kulikuwa na wa Kinavajo na wa Kikrioli cha Haiti vikaachwa, na Kiswahili chetu hakina, mkalimani wa Kiswahili mahakama inampima kwa njia zake nyingine. Kwanza unaandika, maswali 200 ya kuchagua, nusu Kiingereza nusu Kihispania, na unatakiwa upate asilimia 75 kila upande, huwezi kubebwa na lugha moja. Mi upande ulionisumbua ni Kiingereza, sijui kama nicheke, Kihispania cha dobi kilinivusha na Kiingereza cha shuleni ndo kiliniangusha mara ya kwanza kwa pointi 3. Ukivuka ndo unaenda wa mdomo, kama dakika 45, sehemu tano. Unapewa karatasi ya polisi kwa Kiingereza unaisoma kwa sauti kwa Kihispania kama vile ndo imeandikwa hivo, na nyingine kinyume chake. Unasikiliza wakili anajumuisha hoja, maneno 120 kwa dakika, unaongea juu yake. Unasikiliza shahidi anahojiwa, pale wanaweza kufika 160. Na unafanya yale ya kusubiri mtu amalize ndo useme, ambayo watu wanadhani ndo rahisi, mpaka shahidi aongee sentensi ya maneno 50 ina namba ya gari, rangi mbili, jina la mtaa na tusi katikati. Ndani ya mtihani mzima wameficha vipande 220 wanavyovihesabu, kila kipande umekipata au umekikosa, hakuna nusu, na ili upite unahitaji asilimia 80, yaani 176.

Mimi nilipata 163.

Niliumia kidogo, nisiseme uongo. Ila wanasema ukubwa dawa, nikakaa na rekodi zangu za mazoezi nikaanza kuhesabu nilikuwa napoteza wapi. Nilidhani itakuwa maneno magumu ya kisheria. Wala. Hayo nilikuwa nayo yote, maana ndo niliyokuwa nakariri, na kweli yana mitego, sentencia kwa nchi nyingi za Kihispania ni hukumu yenyewe na sio miaka ya kifungo, na libertad condicional kuna wanaoitumia kwa kifungo cha nje na wengine kwa yule aliyetoka jela kabla ya muda wake, ukiyachanganya umemhamisha mtu. Hata esposas, ambayo ni pingu na pia ni wake, haikunipata. Nilikuwa napoteza kwenye vidogo. Shahidi anasema "kama saa mbili hivi", mi nasema saa mbili. Anasema "nadhani lilikuwa jekundu", mi nasema lilikuwa jekundu. Anarudia neno mara tatu kwa hofu, mi nalisema mara moja maana nimeelewa. Ni yule yule, Mhariri. Yule bwana wa dobi bado yumo, anapita na ufagio wake anasafisha.

Kuna kitu kimoja nina nafuu kuwazidi wenzangu waliozaliwa na Kiingereza, na sijawahi kukisoma popote. Kihispania kinasema "le pegó", kinakuachia ujaze mwenyewe nani kampiga nani, na "su carro" ni gari lake yeye mwanaume, yeye mwanamke, lao, au lako wewe mheshimiwa. Kiswahili nacho si ndo hivo hivo? "Alimpiga kwenye gari lake." Nani, lipi? Binti wa darasani kwetu alikuwa anakimbilia kusema "he" kwa sababu hadithi za kupiga huwa ni za wanaume. Mimi nilikuwa nasita, kwa sababu lugha yangu imenizoesha kwamba anayepiga hajulikani mpaka atajwe. Kusita kule kwa mtihani wa kasi ni hatari, ila mahakamani ndo pale unapoinua mkono na kusema mkalimani anaomba ufafanuzi.

Mengine ni kazi ya punda. Kila asubuhi nikienda kazini nasikiliza redio ya Kiingereza naongea juu yake kwa Kiingereza hicho hicho, bila kutafsiri, kuzoesha tu mdomo na sikio vifanye kazi mbili kwa wakati mmoja, watu wa magari ya jirani wanadhani nasali. Nikizoea naongeza kazi nyingine, naandika namba kinyumenyume huku naendelea kuongea. Kisha nageuza lugha. Najirekodi kwa simu, na kusikiliza sauti yako mwenyewe ukikosea usiku wa manane ni adhabu ambayo sheria ya Marekani haijaiandika. Nina daftari la nchi kwa nchi, maana guagua ukiwa na Mcuba ni basi na ukiwa na Mchile ni mtoto mchanga, fikiria kesi ya ajali, gari limegonga guagua. Na "ahorita" ya Mmeksiko inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa baadae, inaweza kuwa ndo ntolee hiyo.

Hela ipo, hapo hakukosea. Kabla ya korona kiwango cha shirikisho kwa mkalimani mwenye cheti kilikuwa dola 418 kwa siku nzima na 226 kwa nusu siku, na kimepanda tangu hapo. Ila huyo ni mwenye cheti, na sio kila siku unaitwa. Kesi ndefu mnakaa wawili mnapokezana kila nusu saa au pungufu, kwa sababu baada ya hapo kichwa kinaanza kudanganya na mwenye kichwa hajui. Mahakama za majimbo zina mitihani yao na viwango vyao, kijana anaweza kuanzia huko. Pia chuo kikuu cha Arizona kina mafunzo ya kiangazi yaliyoanza mwaka 1983, watu wamekuwa wanatoka majimbo mengine kuyafuata. Anayetaka aje, simkatazi mtu. Ila asije kwa sababu ameambiwa kwao yeye ndo mpatanishi, mwenye maneno matamu, anayejua kumtuliza kila mtu. Huyo atufanyie ubalozi.

Nilipanga nimalize hii barua jana usiku, lakini nilikuwa kwenye rekodi, jaji anasoma maelekezo kwa juri, dakika ya sita, mi namfuata nusu sentensi nyuma. Mke wangu akaita kutoka jikoni, Baba Rehema njoo ule chakula kinapoa. Nikamtafsiri. Kwa Kihispania, na nikaweka na ile hasira kidogo iliyokuwemo. Binti yangu akacheka mpaka akamwaga maji, akasema samahani baba, yamenimwagika.

Msomaji wenu,
Arizona, Marekani